Deni la Utoto: Mhadhara wa Umma juu ya Miaka ya Themanini na Kupita kwa Zama



Ada ya mhadhara kama huu ni kwamba mwenye kupewa kiti cha uprofesa husimama mbele ya hadhira akaeleza ilimu yake ni ya nini na yamfaa nani. Nami, kwa kuwa fani yangu ni tarehe ya watu wa kawaida, yaani mambo ya wale ambao majina yao hayaandikwi juu ya majumba wala juu ya barabara, sikuona haja ya kwenda mbali kutafuta mada. Nimechagua jambo ambalo kila mtu wa rika langu hulisema akutanapo na mwenzake, iwe arusini au matangani, nalo ni kwamba miaka ya themanini ilikuwa mitamu, na kwamba tangu hapo wakati umekuwa ukitukimbia. Kauli hizi mbili hutamkwa kwa pumzi moja, kisha watu wakaitikia kwa vichwa na mazungumzo yakaendelea. Azma yangu ni kuzisimamisha kidogo njiani na kuzihoji.

Wala si sisi wa kwanza kuzisema. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi wa Pate, aliyatazama magofu ya mji wake zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, majumba yaliyokuwa na taa na vyombo vya kaure kutoka Uchina, akatunga Al-Inkishafi, na tangu siku hiyo hakuna Mswahili aliyesoma ambaye huweza kuzungumza juu ya kupita kwa dunia bila ya kupita kwanza mlangoni kwake. Lakini yako mambo mawili yanayotutenga naye, na nisipoyataja nitakuwa nimejipachika pasipo pangu. La kwanza ni kwamba yeye alihuzunikia fahari ya watu wazima, ilhali sisi twahuzunikia utoto. La pili ni kwamba yeye alililia mji uliohamwa, na sisi twaulilia mji uliojaa, maana hesabu ya watu ya mwaka 1979 iliikuta Nairobi ina wakaazi 827,775, na ile ya mwaka 2019 ikawakuta 4,397,073. Hapa kwetu hakuna gofu la kulitazama. Pale palipokuwa na ua wa michongoma na mti wa mzambarau sasa pana ghorofa yenye taa usiku kucha, na mwenye kutafuta alama za utoto wake hukosa hata jiwe la kukalia akahuzunika.

Nawaalika basi tutoke kwa fikra hadi nje ya ukumbi huu, tuifuate Barabara ya Ngong mpaka Adams Arcade. Maduka yale yalijengwa na Abdul Habib Adam katika miaka ya hamsini, na yalihesabiwa miongoni mwa majengo ya kwanza ya maduka ya pamoja katika Afrika ya Mashariki. Upande mmoja iko Woodley, mtaa uliojengwa zama za ukoloni kwa ajili ya Wazungu na ambao baada ya uhuru ulikaliwa na watumishi wa serikali na wa baraza la jiji. Upande wa pili ni Kilimani yenye nyua pana. Na nyuma, ukishuka, ni Makina na Kibera, ardhi waliyopewa maaskari wa Kinubi na jamaa zao kwa utumishi wao katika jeshi la King's African Rifles, ambayo mwaka 1918 ilitangazwa kuwa hifadhi ya kijeshi yenye ekari 4,197, na ambayo karne moja baadaye, mwaka 2017, wajukuu zao walikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288 tu. Watoto wa pande zote hizo walikutana penye maduka ya Adams. Mimi nilikuwa mmoja wao, mtoto wa karani aliyehamishwa kutoka Mombasa, na nyumbani tulisema Kimvita, na barabarani nikajifunza Kiswahili cha Nairobi ambacho mama alikuwa akikisikia akitia vidole masikioni.

Nini hasa tulichokuwa nacho? Nitakitaja kitu kimoja tu kwa urefu, maana mambo mengi yakipangwa safu hayaonekani. Kilikuwa gari la waya. Waya ulitoka kwenye vitundikio vya nguo, au kwenye ua wa jirani kwa wasio na hofu ya Mungu. Ukanyoshwa kwa jiwe, ukakunjwa pembe kwa meno ya koleo la kuazima, na maungio yakafungwa kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Magurudumu yalikuwa vifuniko vya makopo ya dawa ya viatu, na aliyebahatika kupata kandambili iliyokatika alikata humo magurudumu manne ya mpira ambayo hayakupiga kelele juu ya lami. Kisha ukatoka waya mrefu kutoka ekseli ya mbele hadi kifuani mwa dereva, na mwisho wake duara la usukani, na dereva akakimbia nyuma ya gari lake huku akilinguruma kwa mdomo na kubadilisha gia. Kazi ya kuliunda ilikula likizo nzima. Ndani yake mlikuwamo kusubiri kwingi: kusubiri koleo, kusubiri kopo liishe dawa, kusubiri kandambili ya mtu ikatike. Neno hilo, kusubiri, naomba mlihifadhi, maana nitalirudia.

Sasa tuitazame ile kauli ya kwamba wakati unakimbia. Mwaka 1877 mwanafalsafa wa Kifaransa Paul Janet alitoa hesabu nyepesi, kwamba mtoto wa miaka kumi huuona mwaka mmoja kuwa sehemu ya kumi ya aushi yake, na mzee wa miaka hamsini huuona kuwa sehemu ya hamsini, kwa hiyo si ajabu kila mwaka ukawa mfupi kuliko uliotangulia. Hesabu hiyo ni safi, lakini hainikinaishi, kwa sababu hakuna mtu anayeishi mwaka wake kwa kuugawa juu ya umri wake. Mmarekani William James, aliyeinukuu katika kitabu chake kikubwa cha saikolojia cha mwaka 1890, alikaribia zaidi aliposema kuwa utotoni kila siku huleta jambo jipya, na jambo jipya huacha chapa, ilhali ukubwani mazoea huzilainisha siku mpaka zikakosa pa kushikika, na mwaka mzima ukaporomoka bila ya kuacha kitu.

Hayo nayakubali, lakini naona yamebaki nusu. James aliishi katika ulimwengu ambamo mtu mzima naye alisubiri, na ndivyo ulivyokuwa bado ulimwengu wetu wa miaka ya themanini. Barua ya kutoka Lamu ilichukua siku zake, na simu ya kwenda mbali ilipitia kwa mwendeshaji aliyekuambia ukate, atakupigia. Televisheni ya Sauti ya Kenya ilifunguliwa jioni, na kabla ya hapo, ukiwasha, hukupata ila mchanga na mvumo. Aliyetaka wimbo alikaa mbele ya redio, kaseti tayari ndani ya mashine, kidole juu ya kitufe, akaomba mtangazaji asiseme neno juu ya beti za mwanzo. Na kaseti ikijikwaa na utepe kutoka nje, aliurudisha ndani kwa kalamu ya Bic, duru kwa duru. Maziwa ya Nyayo, ule mpango uliotangazwa mwaka 1979 wa kuwanywesha watoto wa shule za msingi bila malipo, yalikuja kwa siku zake, katika vile vipakiti vya karatasi vyenye pembe, na sisi tulijua siku ya maziwa tangu tulipoamka. Ukang'ata pembe moja, ukanywa, ukakipuliza kipakiti kikajaa hewa, ukakikanyaga kikapasuka, na mlipuko ule ukasikika mpaka ofisi ya mwalimu mkuu. Kusubiri hurefusha wakati. Kila mwenye kungojea matokeo ya hospitali analijua hilo kwa uchungu, na kila mtoto anayengojea Idi analijua kwa furaha. Sisi tumeuondoa wahka huo mdogo mdogo maishani mwetu, tukajisifu kwa kuuondoa, na tangu mwaka 2007 hata pesa haziingoji tena benki kufungua mlango. Sisemi turudi nyuma. Mama mjane wa Makina anayepokea fedha za mwanawe kwa simu usiku wa manane hana haja ya mawaidha yangu. Nasema tu kwamba tuliondoa na urefu wa siku pamoja na uzito wake, na malalamiko yetu kuwa wakati unakimbia yana chanzo kinachoweza kutajwa.

Kwa upande wangu, kipimo kilichonifunza zaidi juu ya kupita kwa zama sikukipata kwa Janet wala kwa James. Nilikipata katika mwezi wa Ramadhani. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko huu wa jua kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo Ramadhani huzunguka majira yote na kurudi ilipoanzia baada ya miaka thelathini na mitatu hivi. Ramadhani ya kwanza niliyoifunga yote bila ya kuvunja hata siku moja ilikuwa ya mwaka 1405 wa Hijria, nayo ilianza mwishoni mwa Mei mwaka 1985. Masika yalikuwa yakimalizikia, na baridi ya Juni ya Nairobi, ambayo watu wa pwani hawaizoei asilani, ilikuwa imeshaingia. Nakumbuka nikitumwa Makina kununua tambi na kaimati alasiri, ukungu wa moshi wa mkaa umetanda juu ya mabati, mikono yangu ndani ya sweta, na harufu ya iliki ikinitesa njia nzima ya kurudi. Kisha Ramadhani ikaanza safari yake, ikaingia katika kiangazi, ikapita Disemba, ikaja Septemba, ikaja Julai, nami nikasoma, nikaoa, nikazika. Mwaka 2018 ikaanza tena katikati ya Mei, kwenye baridi ile ile na matope yale yale. Nilishituka. Mzunguko mmoja kamili ulikuwa umekwisha, na ukitaka kujua mwanadamu hupewa mizunguko mingapi, jibu ni kwamba mwenye umri mrefu hupewa miwili na akali ya wa tatu. Ramadhani nyingine ya Mei yenye ukungu huo itakuja, kwa hesabu, mwaka 2051. Hesabu hiyo naweza kuishika kiganjani, na ndiyo iliyonifanya niharakishe kuyasema haya ninayokuja kuyasema.

Maana nimechelewa kufika penye kiini cha mhadhara wangu, na kiini chenyewe ni hiki: utamu wa miaka ya themanini ulikuwa kweli, lakini haukuwa bure. Wako watu walioulipia, na watu hao ni wazazi wetu.

Tuyakumbuke mambo kwa ukamilifu wake. Siku ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, nikiwa darasa la pili, niliamka nikamkuta marhumu baba amekaa mbele ya redio, sauti ameipunguza mpaka imembidi aegemeze sikio kwenye kitambaa cha spika, na mapazia hayajafunguliwa. Baadhi ya maaskari wa jeshi la anga walikuwa wameiteka Sauti ya Kenya, na sauti iliyolazimishwa kutangaza kuwa serikali imepinduliwa ilikuwa ya Leonard Mambo Mbotela, ambaye nchi nzima ilimjua kwa kipindi cha adabu na ungwana; na siku hiyo hiyo, majeshi yaliyobaki na utiifu yalipokwisha kukikomboa kituo, ilikuwa tena ni sauti yake iliyotangaza kuwa serikali ya Rais Moi imerudi. Mbotela alifariki mwezi Februari mwaka 2025, Mungu amrehemu, na pamoja naye ikaondoka sauti ambayo wengi wetu tulidhani ni sehemu ya hewa. Mimi siku ile nilicheza bano juu ya saruji ya jikoni tangu asubuhi mpaka jioni, na kwangu ilikuwa sikukuu, maana watu wote walikuwa nyumbani na hakuna aliyenituma dukani. Baba hakula. Jioni alituita sote akatuambia maneno machache, kwamba yasemwayo mezani petu hayatoki nje ya mlango, wala kwa mwalimu, wala kwa rafiki, wala msikitini. Amri hiyo ilidumu mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Mwaka 1984 mvua zilikosa, serikali ikaagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, na sisi watoto tuliufurahia ugali wa rangi ile kama kwamba umetengenezwa kwa sherehe. Mama alikuwa akiusonga kimya. Mwaka 1985 ukaja mfumo wa elimu wa 8-4-4, na wale waliokuwa darasa la saba mwaka uliotangulia wakajikuta hawaendi sekondari bali wanapanda darasa la nane ambalo katika shule nyingi lilikuwa halijajengwa. Ni nani aliyelijenga? Ni wazazi, kwa michango ya harambee, shilingi kwa shilingi, pamoja na karakana za useremala na vyumba vya sayansikimu. Tuliporudi nyumbani kudai katani ya kusokota, udongo wa kufinyanga na kitambaa cha kushona, tulidai kwa furaha, kwani somo lilikuwa jipya na mikono yetu ilipenda kazi. Na niwakumbushe wanafunzi wangu kwamba ni mfumo huo ulioifanya lugha hii ninayoisema kuwa somo la lazima na lenye kutahiniwa, hiba ambayo mimi binafsi naila mpaka leo.

Katika miaka hiyo hiyo wahadhiri wa vyuo vikuu walikuwa wakikamatwa. Alamin Mazrui, mshairi na mwanaisimu kutoka Mombasa, aliwekwa kizuizini mwaka 1982 bila ya kushitakiwa, na mashairi ya kipindi kile yakatoka katika Chembe cha Moyo mwaka 1988. Tangu mwaka 1986, msako wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, ulipopamba moto, watu walipelekwa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo ambalo sisi watoto tulilihesabu ghorofa zake kwa kidole kutoka dirishani mwa basi. Mwaka 1988 raia walipiga kura kwa kupanga mlolongo nyuma ya wagombea wao hadharani, na anayejua aibu ya kuonekana na jirani yake upande usiotakiwa hahitaji maelezo. Na baina ya hayo yote ilikuwamo furaha ya kweli, wala siifichi: tarehe 5 Disemba 1987, Gor Mahia walipotoka sare ya bao moja kwa moja na Espérance ya Tunis pale Kasarani, na kwa mabao mawili waliyoyapata ugenini wakachukua Kombe la Mandela, kelele zilizotoka Kibera usiku ule zilifika Woodley na zikavuka mpaka Kilimani, na baba, ambaye hakuwa mtu wa mpira, alitoka nje akasimama kwenye baraza akicheka peke yake.

Nimesikia wenzangu wakisema kuwa nyumba zetu zilikuwa na utulivu, kwamba wazazi wa zama zile hawakuwa wasemaji, kwamba palikuwa na heshima. Wanasema kweli kwa jinsi walivyoona. Lakini utulivu ule, kwa yakini niliyoipata baadaye kwa kuwahoji wazee wengi wa mitaa hii, kwa sehemu kubwa ulikuwa ni hofu iliyovikwa nguo za heshima ili watoto wasiitambue. Walinyamaza ili sisi tucheze. Na wakati mzazi wa Woodley aliinunua amani ya mtoto wake kwa ukimya, mzazi wa Laini Saba kule Kibera aliinunua kwa ukimya na njaa pamoja. Kwa hiyo na ile "sisi" tunayoipenda, tunaposema sisi tuliolelewa miaka ya themanini, haina budi kupimwa, maana mtoto mwenzangu niliyeshindana naye kwa magari ya waya mbele ya maduka ya Adams alikuwa akirudi kwenye chumba kimoja cha watu wanane, na hamu yake leo, ikiwa anayo, haiwezi kuwa sawa na yangu.

Maadamu mambo ni hivyo, siioni hamu hii kuwa ni upuuzi wa wazee. Naiona kuwa ni ushahidi, na shahidi hujuliwa kwa kusema yote aliyoyaona. Nyaraka za serikali za miaka ile zinatunzwa katika Nyaraka za Taifa, pale Barabara ya Moi, na mwenye subira atazisoma. Yaliyosemwa mezani hayamo. Hayamo kwa sababu tuliamriwa yasitoke mlangoni, nasi tukatii vizuri mno, na wale waliotoa amri ile sasa wana miaka themanini na kitu, na kila mwezi tunakutana makaburini.

Ombi langu ni moja, na nalitoa kwenu nyote, hasa mlio na wazazi ambao wangali hai. Wiki hii, kabla ya nyingine, kaeni nao. Waulizeni walilipa ada kwa njia gani, waliogopa nani, walisikia nini redioni siku ile ya Agosti na waliwaambia nini watoto wao, na mnyamaze mpaka wamalize, hata wakikawia. Simu mnazozishika zina uwezo mkubwa wa kurekodi kuliko studio nzima ya Sauti ya Kenya ya wakati ule. Idara yetu itafungua milango kuanzia kesho saa tatu asubuhi kupokea rekodi hizo, pamoja na kaseti, barua, daftari za shule na picha, na kila kitu kitapewa hati na kurudishwa kwa mwenyewe baada ya kunakiliwa. Wazee mlioketi mstari wa mbele, sisi watoto wenu tumekuwa watu wazima. Amri ya mezani imekwisha muda wake. Tafadhalini, semeni.